Shangazi, mimi nataka harusi isiyo na padri, mchumba wangu anataka na msiba uwe hivyohivyo

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, naishi England mwaka wa tisa sasa. Mchumba wangu ni Mreno, tumejuana miaka minne, na mwakani tunataka kuoana. Sisi wawili hatuna shida. Shida ni swali ambalo kila anayepiga simu kutoka nyumbani huanza nalo: "Mnafungia kanisa gani?"

Hatufungii kanisa lolote. Mwenzangu alilelewa Katoliki, akaacha akiwa kijana. Mimi baba yangu ni mzee wa kanisa, na mama yumo kwenye kwaya tangu sijazaliwa. Sikugombana na mtu wala sikukwazwa na mtu. Imani ilinitoka kidogo kidogo, siku moja nikagundua haipo. Mama anajua kwamba Jumapili nyingine siendi. Hajui kwamba sisali kabisa.

Kilichonifanya nishike msimamo ni msiba. Mwaka jana rafiki yetu mmoja alifariki ghafla, ana miaka 41. Hakuwa mtu wa dini, na wote tuliomfahamu tulijua. Ila ndugu zake walikuwa mbali, kampuni ya mazishi ikauliza kama tunataka mchungaji, na mmoja wetu akajibu ndiyo kwa kuwa ndilo jibu linalotoka haraka mdomoni. Mchungaji mwenyewe hakuwahi kumwona. Jina lake alilikosea mara mbili, mara ya tatu akaliruka, akasema "ndugu yetu". Shangazi, yule bwana alikuwa fundi wa piano. Akiingia nyumbani kwa mtu mwenye piano, kabla hajavua koti anabonyeza kitufe kimoja na kukunja uso kama anayeumwa jino. Hakuna aliyelisema hilo. Dakika 25 tu, tukatolewa kwa mlango wa pembeni, na mlango wa mbele gari la msiba mwingine lilikuwa limeshaegeshwa.

Usiku ule mchumba wangu akaniambia, "Nikifa usiniletee mtu asiyenijua. Nichomwe, majivu yamwagwe baharini, na wewe ndiye uongee." Akachukua karatasi akaandika wosia, nusu ukurasa, akanitaja mimi kuwa msimamizi. Nikaukunja nikauweka kwenye droo pamoja na pasipoti. Baadaye tukakubaliana kwamba harusi nayo iwe hivyohivyo: mtu anayetujua, maneno yetu wenyewe, bustani, watu 40.

Rafiki yangu mmoja anasema tukishampata mwendesha sherehe, yaani mtu wa kutuongozea harusi bila dini, basi, hatuna haja ya kwenda bomani. Yeye na mumewe wameishi hivyo miaka sita na hakuna aliyewauliza kitu. Kaka yangu naye anasema tufunge kanisani nusu saa tu, mama afurahi, halafu tufanye ya kwetu. Mama mwenyewe nilipomdokeza alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Sasa nani atawabariki?"

Sikuwa na jibu. Nisaidie Shangazi. Ndoa ya namna hiyo inatambulika? Mama nimwambieje? Na ule wosia wa mwenzangu, siku ikifika utanisaidia kweli au tunajidanganya?

Ni mimi,
Niliyekosa Jibu la Mama

*

Marahaba mwanangu.

Nitaanza na yule rafiki yako wa miaka sita, mama atasubiri kidogo. Hakuna aliyewauliza kitu kwa sababu hakuna aliyekufa, hakuna aliyeugua hoi, na hawajaachana. Siku moja kati ya hizo ikifika, swali litaulizwa, na jibu watakuwa hawana. England na Wales hazitambui ndoa iliyofungwa na mwendesha sherehe peke yake. Mnaweza kuapa, kulia na kuvishana pete mbele ya watu 40, na kesho yake mkaamka wachumba. Ndoa inayotambulika huko ama ni ya kidini kwa taratibu zake, ama ni ile inayofungwa mbele ya wasajili wa serikali, ofisini kwao au kwenye ukumbi wenye kibali. Wahumanisti, yaani wale wanaoishi kwa utu bila kuegemea dini, wamelipigania jambo hili miaka mingi. Mwaka 2020 jaji wa Mahakama Kuu alikubali kwamba sheria inawabagua, lakini hakuilazimisha serikali kuibadilisha. Mwaka 2022 Tume ya Sheria ikapendekeza sheria nzima ya harusi isukwe upya. Wewe lakini usipange harusi kwa kutegemea pendekezo.

Utasema, Shangazi, mimi nakuuliza habari za baraka, wewe unanihubiria habari za cheti. Nakuhubiria kwa sababu ya ile karatasi iliyo kwenye droo.

Aliiandika usiku, mko wawili, tena mna majonzi. Mashahidi walikuwa nani? Wosia wa England unataka sahihi ya mwenyewe mbele ya mashahidi wawili walio pale kwa wakati mmoja, nao watie sahihi, na wasiwe watu waliopewa kitu ndani yake. Bila hao mlichonacho ni barua ya mapenzi. Haya, tuseme mashahidi walikuwepo. Sasa hapa soma mara mbili: kwa sheria ya England, ndoa hufuta wosia ulioandikwa kabla yake, isipokuwa wosia wenyewe uwe umesema kwamba uliandikwa kwa kutazamia kumwoa mtu fulani. Yaani siku mtakayooana, nusu ukurasa wako unakufa kimyakimya humo humo kwenye droo, na hakuna atakayekuarifu.

Na msipooana kisheria je? Akifariki bila wosia halali, mchumba harithi chochote moja kwa moja hata kama mmekaa nyumba moja miaka 20. Hamna watoto, kwa hiyo wenye haki ya kusimamia mambo yake, pamoja na mazishi, ni wazazi wake. Wazazi wake, umeniambia, ni Wakatoliki. Watamwita padri. Hawatafanya hivyo kwa ubaya, watakuwa wanamzika mtoto wao kama wanavyojua kuzika, na sheria itakuwa upande wao. Kwa hiyo cheti cha ndoa usichokipa uzito ndicho kinachokupa wewe nguvu ya kumzika bila padri.

Jambo jingine ambalo wengi halijawaingia: England matakwa ya marehemu kuhusu mazishi yake hayamfungi mtu. Anaweza kuandika kurasa kumi za namna anavyotaka kuagwa, msimamizi wa wosia akazipuuza. Neno la mwisho ni la msimamizi. Kwa hiyo pale penye jina la msimamizi pana uzito kuliko pale penye bahari na majivu. Nendeni kwa mwanasheria, muandike wosia wenye kutaja ndoa yenu ijayo, wote wawili, na wewe pia. Au umesahau kwamba na wewe utakufa?

Sasa harusi. Mna njia mbili.

Ya kwanza ni kubaki England. Mnatoa taarifa ya nia ya kuoana kwa msajili wa eneo mnaloishi, mnasubiri siku 28. Kama mmoja wenu yuko kwa viza, taarifa inaweza kupelekwa Wizara ya Mambo ya Ndani na subira ikafika siku 70, kwa hiyo msichapishe kadi kabla ya kuuliza. Mnafunga ya bomani siku ya kazi, mashahidi wawili, dakika chache. Bustani inafuata Jumamosi, na huko mwendesha sherehe wenu anafanya mnavyotaka.

Ya pili ni kuvuka kwenda Scotland. Kule tangu mwaka 2005 mwendesha sherehe wa kihumanisti aliyeidhinishwa anafungisha ndoa halali kabisa, hata mlimani au ufukweni mkipenda. Ya kwanza ilifungwa mwezi Juni mwaka huo kwenye bustani ya wanyama ya Edinburgh, na siku hizi wanaofungishwa na wahumanisti ni wengi kuliko wanaofunga Kanisa la Scotland. Kila mmoja wenu anajaza fomu inayoitwa M10, na lazima imfikie msajili wa wilaya mnayofungia siku 29 kabla au zaidi. Wiki ya harusi mmoja wenu anakwenda mwenyewe kuchukua hati ya kusainiwa. Wewe, wala si mpambaji wala shoga yako. Hati hiyo isahaulike hotelini, na mfungishaji hafungishi. Ikishasainiwa inarudishwa kwa msajili ndani ya siku tatu.

Ningekuwa mimi ningekwenda Scotland, siku moja na neno moja. Lakini kama wageni wenu wana watoto na wazee, bomani kwanza si dhambi. Ila msiwafiche wageni. Semeni wazi kwamba karatasi tulisaini Alhamisi, leo tunasema yaliyomo moyoni.

(Wasomaji mlio kwingine msinakili haya. Ufaransa ndoa ni ya ofisi ya meya tu, na hata padri haruhusiwi kuitangulia. Australia ni kinyume: tangu 1973 serikali huwaidhinisha wafungishaji wasio wa dini, na taarifa hutolewa angalau mwezi mmoja kabla. Kila mmoja aulize pale alipo.)

Sasa nikwambie kitu ambacho huenda hukipendi. Yule mchungaji wa msibani hakukosea kwa sababu ni mchungaji. Alikosea kwa sababu hakuna aliyemwambia habari za piano. Hakupiga simu, na ninyi hamkumpigia. Mchungaji mzuri angeuliza. Nimeshakaa kwenye msiba usio na dini, mwendesha shughuli kavaa vizuri na sauti yake nzuri, akatusomea shairi la kuokota mtandaoni kuhusu nyota, kisha jingine kuhusu upepo. Marehemu alikuwa mama aliyeshikiza miwani yake kwa waya mwekundu miaka yote, wajukuu wakimnunulia mipya anaifungia kabatini. Nilisubiri ule waya utajwe. Haukutajwa. Nilitoka nimeudhika vilevile kama ulivyotoka wewe.

Kwa hiyo unapomtafuta mwendesha sherehe usimuulize tu kama haombi Mungu. Mwombe akuonyeshe maneno ya sherehe aliyowahi kuandika, majina yafutwe. Yasome. Kama maneno yale unaweza kuyahamishia kwa wanandoa wengine wowote na yakawatosha, huyo mwache. Anayejua kazi yake atawauliza maswali kila mmoja peke yake: mwenzako anaudhi nini, mlikutana amevaa nini, siku gani ulitaka kuondoka ukabaki. Atawaletea rasimu, nanyi mtaisoma kwa sauti jikoni. Linalokufanya uone aibu kulisema jikoni, mbele za watu litakukwama kooni. Lifute.

Kuhusu lugha: mna Kiswahili, Kireno na Kiingereza. Msitafsiri kila sentensi, nusu saa itakuwa saa moja na nusu na watoto wataanza kulia. Sehemu moja iwe Kiswahili bila tafsiri, nyingine Kireno, na wageni wapewe karatasi yenye muhtasari. Watu wanaelewa mengi kwa kutazama nyuso. Wewe kiapo chako sema kwa lugha unayoitumia ukigombana, maana ndiyo unayoisema bila kupanga.

Kaka yako sasa. Nusu saa ya kanisani ili mama afurahi? Hapana. Hilo nalikataa kwa heshima ya kanisa lenyewe, achilia mbali yako. Mtasimama mbele ya watu wanaoamini, mseme maneno ambayo kwao ni mazito na kwenu ni maigizo. Baba yako ni mzee wa kanisa. Akija kujua, na atajua, kitakachomuuma ni kwamba mlimtumia.

Mama usimwambie kwa ujumbe, wala usimwambie mbele ya ndugu kwenye kundi la simu. Mpigie peke yake, saa ambayo kwake ni jioni na ameshamaliza kazi. Anza na lile alilouliza. Umesema hukuwa na jibu, lakini swali lake halikuwa gumu. Aliuliza nani atawabariki. Mwambie, "Wewe, mama." Halafu mpe kazi hiyo kwelikweli. Asimame katikati ya sherehe, kama amesafiri au kama yuko kwenye skrini, aseme maneno yake kwa mdomo wake. Akitaka kuwaombea, awaombee. Ninyi hamtasema uongo wowote kwa kumsikiliza mama akisali kwa imani yake. Ila hapo muulizeni mapema mwendesha sherehe wenu. Wa kihumanisti hatawaongoza watu katika sala, na wengine hawapendi sala iwemo kabisa, lakini wengi wataacha dakika ya kimya ambayo kila mtu huitumia anavyojua. Wale wa kujitegemea wana uhuru zaidi. Bomani ndiko kugumu: ndoa ya msajili hairuhusiwi kuwa na ibada, kwa hiyo huko mama asubiri.

Kama ni skrini, mteue mtu mmoja wa kushika hiyo simu na asiwe na kazi nyingine. Jaribuni siku moja kabla, palepale bustanini, saa ileile. Mama asije akawa anabariki huku anaonekana paji la uso tu.

Je, ataridhika? Huenda akanyamaza tena, muda mrefu kuliko ule wa kwanza. Usijaze ukimya huo kwa kujieleza. Na akikuuliza kama bado unasali, mjibu ukweli, kwa ufupi, bila kumfundisha. Ameishi na wewe kabla hujajua kuongea, huenda anajua zaidi ya unavyodhani.

Nimalizie na mazishi, niseme machache kwa sababu bado ni vijana. England hakuna sheria inayodai kiongozi wa dini kwenye mazishi. Yeyote anaweza kuongoza, hata wewe, ingawa nakushauri usijipe kazi hiyo. Siku hiyo utakuwa mjane, na mjane hasomi vizuri. Uongee mwisho, dakika tatu, na karatasi yako awe nayo mtu mwingine ili ukishindwa amalizie. Zile dakika 25 zilizokuudhi hazikuwa ukatili wa mtu. Sehemu za kuchomea miili hupanga misiba kwa zamu, nyingi kati ya dakika 30 na 45, na mle mna kuingia, kukaa na kutoka. Dawa yake ni kuomba nafasi mbili zinazofuatana, au mfanye kuaga mahali pengine bila haraka, kisha watu wachache wausindikize mwili. Kumwaga majivu baharini hakuhitaji leseni huko, ni mwili mzima ndio unaohitaji. Majivu ni kilo mbili hadi tatu hivi, mazito kuliko watu wanavyotarajia. Upepo uwe mgongoni. Nimeona waliosahau, na waombolezaji walirudi nyumbani wakijikung'uta.

Wazazi wake nao waambieni sasa hivi, angali hai na mzima, tena aseme mwenyewe kwa Kireno. Wewe usiwe mleta habari siku ya msiba.

La mwisho ni la majina. Mwendesha sherehe wenu hatajua kutamka jina lako la ukoo, wala la baba mkwe wako lenye zile sauti za puani za Kireno. Kuandika hakusaidii. Kila mmoja ajirekodi kwenye simu akilitaja jina lake kamili mara mbili polepole: wewe, yeye, wazazi wote wanne. Mtumieni mwendesha sherehe ajifunze. Rekodi ya mwenzako usiifute harusi ikishapita. Iweke pale unapouweka wosia mpya.